Shairi likichezwa, tuliite densi?

Juzi nilisimama Kambu, kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, niliyemfunza zamani, alikuwa akinisubiri na dukuduku lake. Wanafunzi wake walikuwa wamelicheza shairi: mmoja akighani, wengine wakilieleza kwa mikono, miguu na mgongo. Mtazamaji mmoja akalitupilia mbali: "Hii ni densi tu. Ushairi uko wapi?"

"Profesa," akaniuliza, "sasa tuache? Na tusipoacha, tuiite nini?"

Hebu tuanzie mbali kidogo. Rabindranath Tagore, mshairi wa Kibangali aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913, aliandika tamthilia ya Chandalika mwaka wa 1933. Mwaka wa 1938 akaigeuza iwe ya kuimbwa na kuchezwa. Kisa ni hiki: mtawa wa Kibudha mwenye kiu anamwomba maji msichana wa tabaka linalodharauliwa. Msichana anasita, maana amefunzwa kwamba mkono wake ni najisi. Mtawa anamwambia kuwa wote wawili ni binadamu, anakunywa, anakwenda zake. Msichana anabaki mtu mwingine kabisa.

Katika miaka ya 1980, mjini Kolkata, Manjusri Chaki Sircar na bintiye Ranjabati, wa kundi la Dancers' Guild, walikicheza upya kisa hicho kwa jina Tomari Matir Kanya, yaani 'binti wa udongo wako'. Walibuni miondoko mipya kutokana na ngoma mbalimbali za jadi za India, na kiini cha mchezo kikawa msichana huyo na mamake. Hapo mwili haulirembi shairi, unalifasiri. Mkono unaosita kumimina maji unaeleza unyonge ambao beti nyingi zingeuzungukazunguka. Na Kambu, kwenye ukame wa mara kwa mara, nani asiyejua uzito wa kumpa mgeni maji?

Sasa turudi kwenye jina. Wabangali huita sanaa hii nrityanatya: nritya ni uchezaji ngoma, natya ni uigizaji. Wao wameunganisha maneno mawili. Sisi tayari tuna kitenzi kimoja kinachobeba yote: cheza. Ngoma huchezwa, mchezo wa kuigiza nao huchezwa. Neno 'ngoma' lenyewe ni ala, ni uchezaji, tena ni hafla nzima. Kikamba nacho kina wathi, neno linalokumbatia wimbo na ngoma. 'Densi' tuliachie kumbi za starehe, si neno baya. Lakini kazi ya wanafunzi wale ni 'mchezo wa ngoma'.

Je, jina lina uzito gani? Mwalimu aliniambia kuna msichana darasani ambaye hakuwahi kuinua mkono katika somo la ushairi. Siku ya mchezo ndiye aliyeonyesha, bila kuulizwa, mahali ambapo toni ya shairi inabadilika. Tumewazoesha watoto kuhesabu vina na mizani hata wakadhani shairi ni hesabu. Tukikiita walichofanya 'densi tu', tunamrudisha yule msichana kwenye kimya chake.

Nilimjibu hivi: "Usiache, mwalimu. Na mara nyingine, mpe yeye achague shairi."