Gari Kuukuu Linapotolewa Sadaka Marekani

Nchini Marekani, gari lililochoka si lazima lizeekee uani. Mwenyewe anaweza kulitoa kwa shirika la hisani kama Goodwill au Habitat for Humanity, kwa kituo cha redio ya umma au kwa nyumba ya ibada. Kazi yake huwa ndogo. Hupiga simu au kujaza fomu, hutia sahihi hati ya umiliki, ambayo Watanzania wangeiita kadi ya gari, kisha gari la kuvuta huja kulichukua bila malipo. Hata lisilowaka hupokewa. Kwa kuwa ni sadaka, sheria humruhusu mtoaji kukata kiasi fulani kutoka kwenye kipato chake kabla ya kodi kukokotolewa. Kiasi hicho, pamoja na fungu linalobaki mikononi mwa shirika, hutegemea njia ambayo gari litapita baada ya kuondoka nyumbani.

Magari mengi hupita njia ya mnada. Mashirika machache yana watu wa kushughulikia magari, hivyo mengi huwaachia mawakala kazi ya kupokea simu, kupanga uvutaji, kukamilisha karatasi na kupeleka gari sokoni. Copart na IAA ni miongoni mwa kampuni kubwa za minada hiyo. Wanunuzi ni wauzaji wa magari yaliyotumika, mafundi, wasafirishaji wa magari kwenda nchi za nje na wafanyabiashara wanaofungua magari ili kuuza spea. Lisilofaa kwa spea huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Hata hilo huwa na kitu cha thamani: kifaa cha kusafisha moshi kilichounganishwa na bomba la moshi huwa na madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Kifaa hicho kikiwa kimeibwa, bei ya gari hushuka.

Fedha za mnada hazifiki zote kwa shirika. Wakala huchukua ujira wake, na gharama ya kuvuta gari hulipwa humo humo. Gari likiuzwa kwa bei nzuri, makato hayo hayaumi sana. Likiuzwa kwa bei ya chuma, yanaweza kumeza sehemu kubwa ya sadaka.

Pengo kati ya thamani ya gari na fedha inayofikia wahitaji ndilo lililobadilisha sheria. Zamani mtoaji alikuwa akijikadiria mwenyewe thamani ya gari lake, mara nyingi kwa kutazama vitabu vya bei kama Kelley Blue Book. Bei za vitabu hivyo hubadilika kulingana na hali ya gari, na ilikuwa rahisi mtu kulikadiria gari mahututi kwa bei ya gari zima. Mwaka 2003, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilichunguza michango 54 ya magari. Katika theluthi mbili ya michango hiyo, shirika lilipata asilimia 5 au chini ya hapo ya thamani ambayo mtoaji alikuwa ameidai kwenye kodi. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria mpya, nayo ikaanza kutumika kwa michango ya kuanzia Januari 2005.

Kanuni ya sasa ni kwamba, makato anayodai kwenye kodi yakizidi dola 500, mtoaji hudai kiasi kile kile kilichopatikana gari lilipouzwa. Tuseme gari lina thamani ya dola 3,000 sokoni, lakini mnadani limepata dola 900. Mtoaji anaweza kukata hadi dola 900 kwenye kipato chake. Kama kiwango chake cha kodi ni asilimia 22, anaweza kuokoa hadi dola 198. Gari likiuzwa kwa dola 500 au chini, anaweza kudai thamani yake ya sokoni, mradi isipite dola 500. Shirika humpa fomu iitwayo 1098-C ndani ya siku 30 tangu mauzo, naye huiambatanisha na taarifa yake ya kodi.

Yapo mazingira matatu ambamo mtoaji huruhusiwa kudai thamani kamili ya sokoni: shirika likilitumia gari lenyewe kwa kazi yake kwa kiwango kikubwa, mfano kupelekea wazee chakula; likilifanyia matengenezo makubwa kabla ya kuliuza; au likimpa mtu maskini bure au kwa bei ya chini mno. Madai ya zaidi ya dola 5,000 ya aina hii huhitaji ripoti ya mthamini aliyeidhinishwa. Good News Garage, iliyoanzishwa Vermont mwaka 1996, na Vehicles for Change ya Maryland ni mifano ya njia hii. Mafundi hukarabati magari yaliyotolewa, kisha hupewa familia zenye kipato kidogo. Katika nchi ambayo sehemu nyingi hazina basi la uhakika, gari ndilo humfikisha mtu kazini, na mtoto kliniki.

Nafuu ya kodi, hata hivyo, haimfikii kila mtoaji. Humfaa tu anayeorodhesha makato yake moja moja badala ya kuchukua kiwango cha jumla kinachotolewa na serikali. Kwa mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 15,750 kwa mtu mmoja na dola 31,500 kwa wanandoa wanaowasilisha taarifa pamoja, na Wamarekani walio wengi hukichukua. Nafuu nyingine, iliyoanza mwaka 2026 kwa wasioorodhesha, inahusu michango ya fedha tu, gari halimo.

Waswahili wanaoishi Marekani wana jambo jingine la kuzingatia. Kumpa binamu gari ni wema, ila sheria ya kodi hailihesabu kuwa mchango wa hisani. Wala gari likipelekwa moja kwa moja kwa kituo cha yatima nyumbani halihesabiwi, kwa sababu mpokeaji lazima awe shirika linalotambuliwa Marekani. Tena gari kuukuu la huko halina njia Kenya, ambako gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, au lililozidi umri wa miaka 8, haliruhusiwi kuingizwa.

Kabla ya kukabidhi funguo, mtoaji huangalia jina la shirika katika orodha ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Nyumba za ibada hutambuliwa hata zisipokuwamo. Huuliza kama gari litauzwa au litatumika, na katika kila dola 100 za mauzo ni ngapi zinazofika kwenye kazi ya hisani. Hati ya umiliki huandikwa jina la mpokeaji, kwani sehemu ya jina ikiachwa wazi, gari linaweza kuendelea kuhesabika kuwa la mwenyewe wa zamani, pamoja na faini za maegesho na ajali. Kisha idara ya magari ya jimbo huarifiwa, na namba za gari hung'olewa pale sheria ya jimbo inapotaka.

Gari linalotembea vizuri huweza kufaa zaidi likiuzwa na mwenyewe. Lile la dola 3,000 likipata mnunuzi, fedha yote inaweza kupelekwa kwa shirika bila mnada wala wakala, na anayeorodhesha makato anaweza kudai hadi dola 3,000 badala ya 900. Njia ya kutoa gari lenyewe hubaki na faida pale ambapo gari halina mnunuzi, mwenyewe hana muda, au shirika lina gereji ya kulifufua.