Mshumaa wa nta ya mawese: Faida imejificha kwenye utambi

UKITOKA stesheni ya reli ya Kigoma na kutembea hadi sokoni, mawese huyatafuti, yanakutafuta. Yamo kwenye madumu ya lita 20, yamo kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza, na harufu yake inatoka kwenye makarai ya migebuka. Ndiyo maana kina mama wa kikundi kimoja cha kutengeneza sabuni, ambacho nilikuwa nakisaidia kutunza vitabu vya hesabu, waliponiambia wanataka kuongeza mishumaa ya mapambo, sikuona tatizo la malighafi.

Walikuwa wameiona harusini. Ni ile mishumaa minene inayosimama yenyewe bila kinara, na ubavuni ina michirizi kama manyoya ya kuku yaliyolazwa kwa mpangilio. Mpambaji aliwaambia imetengenezwa kwa nta ya mawese.

“Mwanangu, mawese si tunayo?” mwenyekiti wa kikundi aliniuliza.

Nikamjibu kwamba tunayo. Nimesoma uchumi wa kilimo hadi chuo kikuu, lakini siku hiyo sikuuliza swali la pili.

Anayekaa na mawese anajua kwamba dumu likitulia siku kadhaa, mafuta hugawanyika: mepesi hukaa juu, mazito yenye rangi ya chungwa iliyopauka hutuama chini. Tulichota hayo mazito, tukayayeyusha, tukatia utambi na kumimina kwenye makopo. Asubuhi mshumaa ulikuwa umesimama. Saa nane mchana ulikuwa umeinama. Tulipouwasha ulitoa moshi wenye harufu ya kukaangia, na mafuta yakatambaa mezani hadi kwenye daftari langu.

Mawese si nta

Kosa letu lilikuwa kwenye jina. Karibu nusu ya mawese ni mafuta magumu, na nusu nyingine ni mafuta ya aina inayobaki majimaji. Ndiyo sababu mawese mabichi huyeyuka yote kabla ya kufika nyuzijoto 40 hivi, na mchana wa joto mshumaa wake hauna nguvu ya kusimama. Nta ya mawese inayouzwa kwa watengeneza mishumaa ni kitu kingine. Kiwandani huchukua mafuta ya mawese, hasa ile sehemu nzito, na kuyapitishia gesi ya haidrojeni kwa joto na mgandamizo mkubwa hadi yale majimaji nayo yawe magumu. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto karibu 60, ni ngumu, hukatika kama chaki, na rangi yake ni nyeupe.

Kazi hiyo haifanyiki kwenye jiko la mkaa. Hivyo tunaoishi katikati ya michikichi tunanunua nta iliyotoka Asia, hasa Malaysia na Indonesia, nchi mbili zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi. Miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848 ndiyo inayotajwa kuwa chanzo cha mashamba makubwa ya huko. Mkulima wa Kigoma anayevuna michikichi ya zamani ya aina ya Dura, ambayo nyama yake ni nyembamba na kokwa lake ni kubwa, ana haki ya kuguna akisoma habari hiyo. Mbegu za Tenera zinazozalishwa na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga zinaweza kumwongezea mafuta, lakini nta bado itahitaji kiwanda.

Kwa hiyo anayeanza aingie akijua kwamba ananunua malighafi ya dukani kama fundi cherehani anavyonunua kitambaa. Kuwa na michikichi nyumbani hakumpunguzii bei hata shilingi.

Vifaa na kalibu

Nta huagizwa kwa wauzaji wa malighafi za sabuni na mishumaa Dar es Salaam. Sema wazi kwamba unataka nta ya mawese ya mishumaa ya kusimama, ile inayotoa maua, kwa sababu ipo pia ya kumimina kwenye glasi ambayo ni laini zaidi. Mbali na nta, utahitaji mizani ya jikoni, kipimajoto kinachofika angalau nyuzi 110, sufuria mbili zinazoingiana, jagi la bati la kumiminia, vijiti vya mishikaki na kalibu.

Hapa kwenye kalibu wengi huharibikiwa. Watengeneza mishumaa mingi ya kawaida mitaani hutumia vipande vya bomba la plastiki la maji. Kwa nta ya mafuta ya petroli inayomiminwa ikiwa na joto la wastani, bomba huvumilia. Nta ya mawese humiminwa ikiwa na nyuzi 90 na zaidi, na bomba lile huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Tulipoteza kalibu mbili kabla ya kuelewa. Mpe fundi bati akutengenezee mtungi wa vipande viwili vinavyofungwa kwa waya, wenye upana wa sentimeta 7.5 na urefu wa sentimeta 10 au zaidi kidogo, na tundu dogo katikati ya kitako la kupitishia utambi. Tundu lizibwe kwa puti ya mafundi wa vioo. Ndani pawe laini, kwani kila mkwaruzo wa bati utaonekana kwenye mshumaa.

Kuyeyusha na kumimina

Weka nta kwenye sufuria ndogo, na sufuria hiyo ndani ya kubwa yenye maji yanayochemka. Kigoma maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo ukiwa na subira na mfuniko, nta itafika nyuzi 90. Walio Njombe mjini wana shida, maana kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na nta iliyo ndani hubaki nyuma kidogo. Wao watalazimika kumalizia kwa moto mdogo sana wa moja kwa moja, kipimajoto kikiwa ndani na macho yasitoke jikoni.

Naomba hapa nisitanie. Nta iliyopata moto kupita kiasi huwaka kama mafuta ya kukaangia. Ikishika moto usimwagie maji; maji yatalipuka kuwa mvuke na kurusha moto hadi darini. Funika kwa mfuniko, ondoa jiko chini yake, na uache ipoe ikiwa imefunikwa. Watoto wasiwepo, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Rangi iwe ile inayoyeyuka kwenye mafuta, inayouzwa kwa ajili ya mishumaa. Rangi za keki zina maji na hazichanganyiki. Kalamu za rangi za watoto, ambazo wengi huzijaribu kwa kubana matumizi, huziba utambi. Manukato ya kujipulizia yenye spiriti usiyaguse kabisa, ni hatari. Sisi tuliyapenda mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba. Kiasi cha asilimia 5 ya uzito wa nta kinatosha, yaani gramu 20 kwa mshumaa wa gramu 400, na hutiwa mwishoni kabla ya kumimina.

Yale maua ubavuni hayachorwi na mtu. Ni nta yenyewe inavyoganda ikipewa muda. Pasha kalibu joto kwanza, mimina nta ikiwa kati ya nyuzi 90 na 95, kisha funika kalibu kwa boksi au blanketi kuukuu ipoe polepole. Ukimimina nta iliyopoa kwenye bati baridi, utapata mshumaa wenye uso mkavu usio na kitu. Joto la kwetu, ambalo liliuangusha ule mshumaa wa kwanza, hapa linatusaidia.

Halafu kuna kazi isiyoonekana. Nta ya mawese hujikunja sana inapoganda, na huacha mapango ndani, karibu na utambi, huku juu pameshajifunga vizuri kabisa. Sehemu ya juu ikianza kuwa ngozi, toboa matundu matatu au manne kuzunguka utambi kwa kijiti cha mishikaki, uende chini sana, na rudia baada ya muda. Baadaye jaza mashimo kwa nta ya moto uliyoibakiza, bila kupita kimo cha mwanzo. Ukipita, nta itapenya kati ya mshumaa na bati, na maua yote yatafunikwa.

Mishumaa tisa iliyorudi

Baada ya wiki kadhaa mishumaa yetu ilikuwa mizuri kweli. Kikundi kilitoa fedha kutoka kwenye vikoba, tukatengeneza 24, na hoteli moja ikaichukua kwa ajili ya meza za chakula cha jioni. Siku ya nne tuliitwa. Tisa ilikuwa imekufa. Michache moto ulizama kwenye pango tulilosahau kulijaza. Mingi ilichimba kisima katikati, utambi ukazama kwenye nta iliyoyeyuka na kuzimika. Mwenye hoteli alizungumza kwa upole, jambo lililonitia aibu zaidi.

Utambi tuliotumia ulikuwa wa mishumaa ya kawaida. Nta ya mawese kwa kawaida hutaka utambi mnene kuliko ule unaotosha mshumaa wa petroli wa upana huohuo. Ukiwa mwembamba, moto hauna nguvu ya kuyeyusha nta hadi karibu na ukingo. Ukizidi unene, hutoa masizi na kutoboa ubavu. Uwe wa pamba uliosukwa, kwani uzi wa kawaida hukusanya makaa kichwani, na uchovywe kwenye nta kabla ya kutumika.

Dawa yake ni kuchoma fedha kidogo mapema. Tengeneza mishumaa mitatu iliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa unene wa utambi. Kata kila utambi ubaki milimita 6, washa yote pamoja mahali pasipo upepo, kisha baada ya saa tatu pima upana wa dimbwi la nta. Kwa mshumaa wa sentimeta 7.5, dimbwi liwe limebakiza ukuta wa kama sentimeta moja kila upande. Zima, acha upoe, washa tena kesho, hadi uishe. Ukibadili rangi, harufu au muuzaji wa nta, rudia jaribio.

Tazama hesabu zetu za wakati ule, ingawa wewe utaweka bei za kwako. Mshumaa wa vipimo nilivyotaja hula gramu 400, hivyo kilo 10 zinatoa mishumaa 24 na mabaki kidogo. Kilo ya nta ilitufikia Kigoma kwa Sh12,000 pamoja na usafiri. Kwa kila mshumaa, nta ilikuwa Sh4,800, utambi Sh200, rangi na harufu Sh1,100, mkaa Sh300, karatasi na boksi Sh600. Jumla Sh7,000. Hoteli ilinunua kwa Sh12,000.

Mishumaa yote ingekubaliwa, mapato yangekuwa Sh288,000, na ukitoa gharama ya Sh168,000 kikundi kingebaki na Sh120,000. Tisa iliporudi tulilipwa Sh180,000. Zikabaki Sh12,000, zigawanywe kwa kina mama sita waliofanya kazi siku tatu. Nta ya mishumaa iliyorudi tuliiyeyusha tena, lakini sehemu ilikwishaungua na harufu ilikwishapotea. Kifaa cha Sh200, cha bei ya chini kuliko vyote kwenye orodha, ndicho kilichokula sehemu kubwa ya faida yetu. Muda wote huo mimi nilikuwa nabishana na muuzaji wa nta kuhusu punguzo la Sh500 kwa kilo.

Nani atanunua

Usimuuzie mtu mshumaa huu kama taa. Umeme ukikatika, mwananchi ana tochi ya simu, taa ya sola, au mshumaa mwembamba wa dukani. Wanunuzi ni wapambaji wa harusi, hoteli, maduka ya zawadi za watalii na familia zinazojiandaa kwa Krismasi. Hoteli na maduka yatakudai risiti, kwa hiyo TIN na jina la biashara lililosajiliwa Brela si vya kuahirisha. SIDO hutoa mafunzo kwa wenye viwanda vidogo, na ni vizuri kuulizia ofisi ya mkoa wako kabla ya kununua kilo ya kwanza.

Kwa walio Tabora, Katavi au vijiji vya Kigoma vinavyofuga nyuki, ningeshauri wapige pia hesabu ya nta ya nyuki. Haitoi maua yale, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ina harufu yake ya asili, na hiyo kweli ipo kwetu bila kupitia bandarini.

Kikundi hakikuacha. Mwenyekiti ana daftari la majaribio ya utambi ambalo hamwachii mtu, hata mimi nalisoma akiwa amelishika. Hoteli ilirudi kununua, safari hii mishumaa sita kwanza, ikaiwasha kwa wiki nzima kabla ya kuagiza mingine. Wapambaji hulipa nusu wakati wa kuagiza. Sabuni bado ndiyo inayolipa ada za watoto, na mishumaa hutengenezwa pale tu oda inapokuwa mkononi.