Kiti cha Mtoto Katika Motokaa: Tangazo la Kasoro Litokapo

Mtoto ni amana. Hapana mzazi asiyelijua neno hili, wala hapana anayelikataa. Lakini amana huhifadhiwa kwa vitendo, na vitendo vyenyewe mara nyingi ni vidogo: kukaza mkanda, kusoma kibandiko, kuijaza kadi na kuirudisha kwa wenyewe. Basi hapa twataka kueleza habari ya kiti cha mtoto cha motokaa, na yatupasayo kutenda pale mtengenezaji anapotangaza kwamba kiti alichokiuza kina kasoro.

Faida ya kiti hiki haina shaka. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabarani imekadiria kwamba, katika magari madogo, kiti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, na kwa asilimia 54 kwa mtoto wa mwaka 1 hata 4. Hata hivyo kiti ni kazi ya mikono ya wanadamu, na kazi ya wanadamu haikosi kasoro.

Mfano mkubwa ulitokea huko huko Marekani mwaka 2014. Mwezi wa Februari kampuni ya Graco iliitisha viti vipatavyo milioni 3.7. Baadaye katika mwaka huo vikaongezwa vile vya watoto wachanga, hata jumla ikapita milioni 6. Kasoro haikuwa kwamba kiti huvunjika au mikanda hukatika. Ilikuwa kinyume chake: kifungo cha mikanda kilikuwa kigumu kufunguka. Vyakula na vinywaji vya watoto viliingia ndani yake vikakauka, na mama akibonyeza, hakiachii. Siku ya kawaida jambo hili ni udhia tu. Lakini motokaa ikiwaka moto, au ikitumbukia majini, kila nukta ya kuchelewa ina thamani ya roho.

Sheria ya Marekani humtaka mtengenezaji aiarifu serikali ndani ya siku 5 za kazi tangu ajue kasoro ya hatari. Serikali iliona kwamba kampuni ilichelewa, na mwezi wa Machi 2015 ikatozwa adhabu ya dola milioni 10: milioni 3 kulipwa serikalini, na milioni 7 kutumiwa katika kazi za usalama wa watoto.

Tangazo la namna hii likitoka, wazazi huweza kukosea kwa njia mbili. Wengine hulipuuza, wakisema, "Kiti chetu hakijatusumbua." Wengine huingiwa na hofu, wakakitupa kiti na kumpakata mtoto. Kosa la pili laweza kuwa baya kuliko la kwanza. Mikono ya mama ina mapenzi, lakini motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa ikigonga kitu, mtoto wa kilo 10 huvuta kama mzigo wa kilo zaidi ya 100. Hapana mikono iwezayo kuuzuia. Ndiyo maana mwaka ule wa 2014 wazazi walishauriwa watumie kiti kingine wakiweza, na asiye nacho aendelee na kile alicho nacho mpaka apate kifungo kipya, ambacho kilitolewa bure.

Basi mwenye kusikia tangazo na afanye hivi. Kwanza, akigeuze kiti asome kibandiko: jina la muundo, namba yake, na tarehe kilipotengenezwa. Pili, avilinganishe na vile vilivyotajwa katika tangazo, kwa maana si kila kiti cha kampuni hiyo kimo. Tatu, amwandikie mtengenezaji, na afuate maagizo yake neno kwa neno. Wala asijitengenezee kifungo cha nyumbani. Na anayenunua kiti kipya asiiache kadi ya usajili ndani ya sanduku. Kampuni haiwezi kumwarifu mtu isiyemjua.

Hapa pana jambo linalotuhusu sana sisi tunaonunua vitu vya mitumba, au kuletewa zawadi na ndugu walio ng'ambo. Kiti kisicho na kibandiko ni kama mgeni asiyetaja jina wala atokako. Hujui kama kiliitishwa, wala kama kilikwisha kuwamo katika ajali. Ndugu yako akitaka kukuletea kiti, mwombe kwanza atazame namba yake katika orodha za serikali ya huko.

Ama kuchagua kati ya muundo huu na ule, usiongozwe na bei. Marekani kila kiti hupaswa kutimiza kanuni ile ile ya serikali, kiwe ghali au rahisi. Pima mambo matatu. La kwanza ni mtoto: kiti kiwafikiane na uzito na urefu wake. Mchanga hutazama nyuma, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo bado laini; kanuni mpya ya Ulaya yataka atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Naye asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. La pili ni motokaa: kiti kikifungwa, kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. La tatu ni mikono yako: chagua kile utakachoweza kukifunga sawasawa kila siku, hata asubuhi ya haraka.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga mkanda. Basi leo, kabla ya safari, kigeuze kiti cha mwanao, ukisome kibandiko, ukijaribu na kifungo. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.