Mabeki watano hawafungwi: kweli au uongo?

Ndondo yoyote Ibadakuli, Shinyanga, ina makocha wengi kuliko wachezaji, na wote wamesimama nje ya chaki. Timu ikiongoza kwa bao moja huku dakika kumi zimebaki, amri yao ni ile ile: toa mshambuliaji, ingiza beki. Wanaopanda bodaboda kwenda kutazama mpira uwanja wa Kambarage husema hivyo hivyo jukwaani. Tuyapime madai yao.

Mabeki wakiwa wengi, lango liko salama.

Uongo, na huu ndio unaozigharimu timu nyingi. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, Morocco walifika nusu fainali wakiwa wameruhusu bao moja tu, nalo walijifunga wenyewe dhidi ya Canada. Walikaba na mabeki wanne, mbele yao kiungo Sofyan Amrabat akizima kila moto. Walipokutana na Ufaransa, kocha Walid Regragui akaanza na watano. Dakika ya tano tu, Theo Hernandez akafunga. Dakika ya 21 nahodha Romain Saïss, aliyeanza akiwa na maumivu, akatoka na nafasi yake akachukua kiungo. Kuanzia hapo Morocco wakaushika mpira na Ufaransa wakawa wa kurudi nyuma, ingawa mwisho walishinda 2-0.

Mtu atasema beki Nayef Aguerd alitolewa kikosini kabla tu ya mechi, kwa hiyo mpango ulivurugika mapema. Sawa. Lakini beki wa tano lazima achukue nafasi ya mtu, na mara nyingi anayepunguzwa ni kiungo. Hapo mpinzani anapata muda wa kuinua kichwa, kuchagua na kupiga pasi anavyotaka. Mabeki watano waliojipanga ndani ya boksi bila mtu wa kumsumbua mpigaji pasi wanasubiri tu kufungwa.

Mfumo wa mabeki watatu ni wa woga.

Hapa jibu liko kwa wale wawili wa pembeni. Septemba 2016 Chelsea walifungwa 3-0 na Arsenal, na kocha Antonio Conte akahamia 3-4-3. Wakashinda mechi 13 mfululizo za ligi na kutwaa ubingwa wakiwa na ushindi mara 30 katika mechi 38. Hakununua ukuta mpya katikati ya msimu. Alimchukua Victor Moses, winga, akampa kazi ya kupanda na kushuka upande mzima wa kulia, na César Azpilicueta, beki wa pembeni, akamwingiza miongoni mwa watatu wa kati. Mfumo huo huo, ukiweka pembeni mabeki wasiovuka nusu ya uwanja, unageuka watano wa nyuma, na hapo tuhuma ya woga inakuwa ya haki.

Namba tano, yaani beki wa kati, lazima awe mrefu.

Fabio Cannavaro alikuwa na sentimita 176. Akiwa nahodha wa Italia walitwaa Kombe la Dunia 2006 wakiruhusu mabao mawili tu: la kujifunga na la penalti ya Zinedine Zidane. Mwaka huo huo akapewa Ballon d'Or. Nyumbani tunaye Dickson Job wa Yanga na Taifa Stars, ambaye hana urefu wa kutisha lakini anasoma mchezo mapema na kufika kwenye mpira kabla ya ugomvi. Kwa hiyo dai ni uongo, ila nina tahadhari. Kwenye uwanja mkavu, mgumu, wa kiangazi cha Shinyanga, mpira unadunda juu na pasi ndefu ni nyingi. Mfupi mwenye akili apangwe na mwenzake anayeshinda vichwa. Wafupi wawili kwenye vumbi ni kujitafutia lawama.

Namba nne na tano walikuwa mabeki tangu mpira uanze.

Uongo. Katika 2-3-5 ya zamani walikuwa viungo, pamoja na sita. Sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925 na washambuliaji wakapata uhuru, Herbert Chapman wa Arsenal akamshusha kiungo wa kati awe beki wa tatu.

Timu ndogo ikikutana na kubwa, ipaki basi tu.

Nusu kweli. Septemba 2018 Stand United ya Shinyanga walikwenda Dar es Salaam kuikabili Yanga. Alex Kitenge akafunga mabao matatu peke yake, na bado Chama la Wana wakalala 4-3. Msimu ulipoisha wakashuka daraja. Mwadui, Oktoba 2019, waliifunga Simba 1-0 hapa hapa Kambarage. Geita Gold walipomaliza nafasi ya nne msimu wa 2021/22, sifa zote zilikwenda kwa George Mpole na mabao yake 17. Mabeki wa Geita hawatajwi vijiweni. Kushambulia kunaruhusiwa kabisa, mradi ukipoteza mpira pawepo watu wa kuziba katikati.

Kwa hiyo kocha wa ndondo, ukiongoza 1-0 na pembeni wanapiga kelele, mwache kiungo wako mkabaji ndani. Kama amechoka, ingiza kiungo mwingine mwenye mapafu. Yule beki wa tano akae benchi.