Breki Ngumu: Namna ya Kuipima Busta ya Gari la Zamani

Pedali ya breki ya gari la zamani la petroli ikiwa ngumu ghafla, yafaa busta ipimwe kabla ya kununua vipuri. Ndani ya chombo hiki mna kiwambo cha mpira. Upande mmoja una ombwe litokanalo na injini. Upande wa pili huingia hewa pedali ikanyagwapo. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 20 huweza kuongeza msukumo wa kilo 200 hivi.

Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Kisha, mguu ukiwa bado umeikandamiza, injini iwashwe. Pedali ikididimia kidogo, busta inafanya kazi. Isipodidimia, kwanza uchunguzwe mpira wa ombwe pamoja na vali yake, kwani kasoro hiyo ni nafuu kutengeneza. Mlio wa hewa usiokoma pedali ikanyagwapo huashiria kiwambo kilichotoboka. Mafuta ya breki yakipungua bila kuvuja nje, huenda masta silinda yavujia ndani ya busta.

Busta ikifa, breki hazipotei. Lakini mguu huhitaji nguvu nyingi zaidi, na gari hukawia kusimama. Gari la namna hiyo lisishushwe mlimani kabla ya kutengenezwa.