Ujumbe wa Benki Si Pesa: Namna ya Kuutambua Muamala wa Uongo

Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ujumbe mfupi wa simu umechukua nafasi ya stakabadhi ya karatasi katika biashara nyingi za Afrika Mashariki, hata ikawa kawaida kwa muuza duka kukabidhi bidhaa mara tu simu yake inapolia na kuonyesha kwamba malipo yameingia. Mazoea hayo yamerahisisha biashara, lakini yamejenga pia dhana potofu ambayo ndiyo mtaji wa matapeli, yaani dhana kwamba ujumbe wa muamala ndio muamala wenyewe.

Muamala hufanyika ndani ya mfumo wa benki au wa kampuni ya simu, pale akaunti ya mtumaji inapopunguzwa na ya mpokeaji kuongezwa. Ujumbe hufuata baadaye, na kazi yake ni kuarifu tu juu ya jambo lililokwisha kutendeka. Kwa kuwa taarifa hiyo hupita katika njia ileile inayobeba salamu za kawaida, mtu yeyote anaweza kunakili maneno yake, akabadili jina na kiasi, kisha akamtumia amtakaye bila hata shilingi moja kuhama.

Ulaghai huu una sura mbili. Ya kwanza ni taarifa ya uongo ya pesa kuingia, ambayo hutumiwa na mteja anayetaka kuondoka na bidhaa asizozilipia, au na mtu anayepiga simu dakika chache baadaye akilalamika kwamba amekosea namba na kuomba arudishiwe pesa zake. Ya pili ni taarifa ya uongo ya pesa kutoka, inayodai kwamba kiasi kikubwa kimekatwa na kumtaka mwenye akaunti apige namba fulani au afungue kiungo ili kuzuia malipo hayo, na hapo ndipo huombwa namba ya siri, au zile tarakimu za uthibitisho ambazo benki humtumia mteja kwa matumizi ya mara moja tu.

Alama ya kwanza ya kuchunguzwa ni mtumaji, kwa maana ujumbe halisi huja kwa jina rasmi la huduma, wakati wa bandia mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Hata hivyo, jina pekee halitoshi, kwa sababu mfumo wa ujumbe mfupi huruhusu jina lisilozidi herufi 11 kuwekwa mahali pa namba, na simu hupanga jumbe kwa kulifuata jina hilo bila kulihakiki, hivyo ujumbe wa kughushi unaweza kukaa chini ya jumbe halali za benki ileile. Namba ya kumbukumbu ya muamala nayo, ambayo kwa M-Pesa ya Kenya ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu 10, inaweza kunakiliwa kutoka kwenye muamala mwingine. Kipimo chenye nguvu zaidi ni salio jipya linalotajwa: tapeli hajui akaunti ilikuwa na kiasi gani, kwa hiyo hulazimika kubahatisha au kuliacha kabisa, na mpokeaji anayelikumbuka salio lake la awali hugundua mara moja kwamba hesabu haikubali.

Hata hivyo, uthibitisho wa mwisho haupatikani ndani ya ujumbe bali katika akaunti, na njia ya kuifikia ichaguliwe na mwenye akaunti mwenyewe: *334# kwa M-Pesa ya Kenya, *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, programu ya benki, au namba ya simu iliyochapishwa nyuma ya kadi. Ikibainika kwamba pesa zimeingia kweli kwa makosa, anayezidai aelekezwe kwa kampuni husika, ambayo ina utaratibu wa kuurejesha muamala. Anayezirudisha kwa mkono wake huenda akapoteza mara mbili, endapo muamala wa awali nao utabatilishwa.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inaadhibu kughushi na kulaghai kwa njia ya kompyuta, na namba 15040 imetengwa kupokea taarifa za namba za matapeli. Wateja wa kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya hutumia 333. Lakini taarifa hutolewa mara nyingi baada ya mali kuondoka, na ndiyo maana kinga ya kweli ya mfanyabiashara ni kuifanya kuangalia salio kuwa sehemu ya mauzo, hata foleni ikiwa ndefu na mteja akionyesha haraka.