Dawa iliyoondolewa, kisha ikarudishwa

Juma lililopita niligusia dawa moja ya Marekani iliyoondolewa sokoni kwa sababu iliua, kisha ikarudishwa. Mmeniuliza: yawezekanaje? Wapo waliokata shauri kwamba ni hila za wenye viwanda. Swali ni la haki, na juma hili ninalijibu.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Unaitwa multipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Kwetu hausikiki sana. Ni wa kawaida zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, huwapata wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40. Fikiria waya wa umeme uliochubuka plastiki yake. Mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo nayo imevikwa ala ya mafuta. Katika ugonjwa huu chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huigeukia ala hiyo na kuiharibu. Leo jicho linaona ukungu, baadaye miguu inakufa ganzi, kisha inakuja nafuu, halafu shambulizi jingine. Miaka ikipita, wengine huishia kwenye kiti cha magurudumu. Dawa ya kuuponya haipo. Zilizopo hupunguza mashambulizi na kuchelewesha ulemavu.

Ya kwanza ya aina hiyo, interferoni ya sindano, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Ilipunguza mashambulizi kwa theluthi moja hivi. Kwa hiyo Novemba 2004, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, ilipoidhinisha natalizumabu, inayouzwa kwa jina la Tysabri, ilionekana ni mkombozi. Majaribio yalionyesha mashambulizi yakipungua kwa kama theluthi mbili. Mgonjwa hutundikiwa dripu mara moja kila wiki 4, basi.

Dawa hii haiwaui askari, inawafungia mlango. Chembe nyeupe, ili zitoke kwenye damu na kuingia ubongoni, hujishika kwenye ukuta wa mshipa kwa kitu mfano wa kulabu. Natalizumabu huifunika kulabu hiyo, nazo zikateleza na kwenda zao.

Tatizo ni kwamba askari hao hawakuwa wakiingia ubongoni kwa ubaya tu. Vipo virusi viitwavyo JC, herufi za jina la mgonjwa ambaye vilipatikana kwake mwaka 1971. Watu wazima wengi tunavyo, vimelala tu. Kinga ikilegea vinaweza kuamka na kuushambulia ubongo, na ugonjwa huo huitwa PML. Madaktari waliuzoea zaidi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Sasa dawa ilipowafungia askari mlango, ubongo ukabaki bila zamu.

Tarehe 28 Februari 2005, miezi mitatu tu baada ya idhini, watengenezaji, kampuni za Biogen na Elan, waliiondoa. Wagonjwa wawili wa MS waliokuwa katika majaribio, wote wakitumia pamoja na interferoni, walikuwa wamepata PML, na mmoja alikuwa amefariki. Makabati yakafunguliwa upya. Ndipo akaonekana wa tatu, mgonjwa wa utumbo aliyejaribiwa dawa hiyo hiyo na kufariki mwaka 2003. Kifo chake kilikuwa kimeandikwa kuwa ni cha uvimbe wa ubongo. Sampuli za ubongo wake zilipoangaliwa tena, ilikuwa PML.

Hapa naomba tutue. Dawa ilipoidhinishwa, kifo kilichosababishwa nayo kilikuwa tayari kwenye faili, kikisomeka kwa jina lingine. Aidha, majaribio yalipangwa kuchukua miaka 2, lakini idhini ilitolewa kwa matokeo ya mwaka 1. Nawaelewa waliofanya haraka, maana wagonjwa walikuwa wakipoteza miguu na macho. Hata hivyo, baadaye ilijulikana kwamba hatari ya PML huongezeka sana mtu akishapita miaka 2 ya matumizi. Mwaka mmoja usingeweza kuonyesha hilo.

Watu zaidi ya 3,000 waliowahi kupewa dawa hiyo walichunguzwa. Hesabu ikatoka: karibu mtu 1 kati ya 1,000, kwa matumizi ya kama miezi 18. Machi 2006 kamati ya washauri wa FDA ilikaa Maryland, na wagonjwa wenyewe wakasimama kuidai dawa. Wajumbe wakaafiki kwa kauli moja, na Juni 2006 ikarudi kwa masharti. Mgonjwa, daktari na duka la dawa wote waandikishwe, itumike peke yake, na kabla ya kila dripu mgonjwa aulizwe kama ameona dalili mpya.

Mimi nasema ilikuwa haki, kwa sababu ya masharti hayo. Mtu ambaye ugonjwa unamlaza anaweza kuikubali hatari ya 1 kwa 1,000, ili mradi ameambiwa hiyo 1.

Na kuhesabu kulilipa. Hadi mwisho wa Februari 2012 watu karibu 100,000 walikuwa wameitumia, na 212 walipata PML. Takriban mmoja kati ya watano wa hao alifariki. Lakini mwaka huo kilipatikana kipimo cha damu cha kuonyesha nani ana virusi vya JC. Asiyeonyesha dalili ya kuwa navyo, hatari yake ilikuwa chini ya 1 kwa 10,000. Aliye navyo, aliyewahi kutumia dawa za kushusha kinga, na aliyepita miaka 2, ilikuwa kama 11 kwa 1,000. Dripu moja, hatari zikipishana zaidi ya mara mia!

Si kila dawa hurudi. Zinbryta, nayo ya MS, iliidhinishwa mwaka 2016 na kuondolewa duniani kote Machi 2018, baada ya watu 12 kupata uvimbe mkali wa ubongo na 3 kufariki. Kufikia wakati huo zilikuwepo dawa nyingine za kushika nafasi yake.

Kama una ndugu ughaibuni anayetundikiwa dripu ya natalizumabu, muulize kipimo cha JC alipimwa lini, maana asiye navyo leo anaweza kuvipata kesho. Hurudiwa kila miezi sita hivi. Asiiache ghafla kwa woga bila daktari, kwani mashambulizi huweza kurudi kwa nguvu baada ya miezi michache. Na wewe unayezungumza naye kwenye simu, ukisikia maneno yanamponyoka au tabia imebadilika, mwambie amwone daktari siku hiyo hiyo. Mwenye PML mara nyingi hajitambui. Hutambuliwa na watu wa nyumbani.